HiAce, Caravan, TownAce au Bongo: kuchagua vani iliyotumika kwa bajeti ndogo

Vani nne za Kijapani hazikosekani kwenye orodha ya mtu anayetafuta gari la kazi lililotumika: Toyota HiAce, Nissan Caravan, Toyota TownAce pamoja na pacha wake LiteAce, na Mazda Bongo. Wanunuzi wengi huzilinganisha kwa jina, mwaka na kilomita, na hivyo vitatu ndivyo vinavyodanganya zaidi. HiAce mbili za mwaka mmoja, rangi moja na bodi moja zinaweza kuwa magari mawili tofauti kabisa: moja ikigoma utanunua koili ya plagi, nyingine ikigoma utatafuta nozeli nne (vinyunyizio vya mafuta) na pampu ya presha kubwa. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye injini, na swali lake ni moja: gari hili likiharibika kwa namna iliyozoea kuharibika, mfuko wako utalimudu?

Soma namba ya chasisi kabla ya kusoma bei

Kwa Toyota, herufi zinazoanzia namba ya chasisi zinataja injini. HiAce ya bodi inayoitwa H200, iliyotoka mwaka 2004, ikiwa na TRH ni petroli: 1TR-FE ya lita 2.0 au 2TR-FE ya lita 2.7. KDH ni dizeli ya 2KD-FTV ya lita 2.5 au 1KD-FTV ya lita 3.0. GDH ni dizeli mpya ya lita 2.8, ambayo bado bei yake iko juu ya bajeti tunayoizungumzia. Kwa HiAce ya zamani ya H100, iliyoanza mwaka 1989, LH ni dizeli za familia ya L (2L, 3L, 5L), RZH ni petroli, na KZH ni 1KZ ya turbo. TownAce ya zamani yenye KR ni petroli ya injini ya K. Yenye CR ni dizeli ya injini ya C. Bongo ya SK82 ni petroli ya lita 1.8 iitwayo F8.

Muuzaji akisema "ni petroli ile ngumu" na kibati chenye namba ya chasisi kikasoma KDH, umeshajua mengi kuhusu gari na kuhusu muuzaji. Soma kibati, kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, uzilinganishe zote mbili na kadi ya gari. Zikipishana hata tarakimu moja, usiendelee.

HiAce ya petroli au HiAce ya dizeli

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

1TR-FE na 2TR-FE zina cheni ya taimingi (inayooanisha mwendo wa valvu na pistoni), si mkanda. Hazina turbo. Petroli inaingia kwenye injini kwa presha ya baa 3 au 4 hivi, na kwa presha hiyo ndogo pampu na nozeli hudumu, hata mafuta yakiwa na uchafu kiasi. Magonjwa yake ya kawaida ni koili za plagi, plagi zilizochakaa, pampu ya maji inayodondosha, na oili kuvuja pembeni. Yote hayo fundi wa kawaida anayaweza kwa spana za kawaida. Kasoro kubwa ya 1TR ni nguvu. Lita 2.0 zikibebeshwa tani 1 kwenye mwinuko mrefu zinalazimika kuzunguka kwa kasi, na hapo zinakunywa. Mwenye safari za milima na mzigo kila siku atafute 2TR ya lita 2.7, au ajiandae kusogea taratibu.

2KD na 1KD zinavuta vizuri kuanzia mzunguko wa chini na zinakwenda mbali kwa lita moja. Zikitunzwa ni injini nzuri sana. Lakini mfumo wake wa mafuta ni wa presha inayopita baa 1,000, na nozeli zake zina nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Maji kidogo kwenye dizeli, au filta iliyoachwa miaka miwili, huzila kimyakimya. Dalili ya kwanza ni mlio mkali wa chuma kugonga asubuhi injini ikiwa baridi, kisha mtikisiko ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta). Nozeli ikibadilishwa, namba iliyoandikwa juu yake mara nyingi hutakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo atakurudishia gari linalotoa moshi na kutikisika, akidhani amemaliza.

1KD ina ugonjwa mwingine ambao kila mnunuzi aujue. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayozuia gesi ya mlipuko isipande juu. Washa hiyo ikianza kupitisha, masizi huingia kwenye oili chini ya kava ya valvu, oili inakuwa nzito kama lami, na uchafu unateremka hadi kwenye chujio la sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Chujio likiziba, injini inakosa oili huku dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikionyesha imejaa. Ndiyo maana kuna 1KD zilizokufa na wenyewe wakaapa kwamba walikuwa wanaweka oili, na kweli walikuwa wanaweka. Namna ya kuugundua mapema: washa injini iliyolala usiku kucha na uhesabu taa ya presha ya oili inachukua muda gani kuzimika. Ikichelewa zaidi ya sekunde mbili tatu, sampu ifunguliwe chujio likaguliwe kabla hujatoa fedha. Muuzaji akikataa sampu kufunguliwa, amekupa jibu. Tatizo la pili linalojulikana kwa 1KD ni pistoni kupasuka, hasa pale nozeli mbovu ilipoachwa ikimwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza.

Zote mbili, 2KD na 1KD, zina mkanda wa taimingi. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka umbali ukifika, kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Taa hiyo huzimwa kwa hatua chache bila kugusa mkanda wenyewe. Kwa hiyo taa kuwa imezimika si ushahidi wa chochote. Kama hakuna risiti au stika yenye kilomita na tarehe, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, na uweke bei ya mkanda na tenshena (kikazo) yake juu ya bei ya gari. Mkanda ukikatika, pistoni zinapiga valvu.

Na uchumi wa mafuta? Chukua makadirio ya kilomita 8.5 kwa lita kwa petroli ya 2.0 na 10.5 kwa dizeli, matumizi mchanganyiko yenye mzigo wa wastani. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka atachoma lita 2,353 za petroli au lita 1,905 za dizeli. Tofauti ni lita 450 hivi. Anayetembea kilomita 60,000 ana tofauti ya lita 1,350 hivi. Sasa ulizia bei ya nozeli nne na kazi ya kuzifunga mahali ulipo, uigawanye kwa bei ya lita, na uone inachukua miaka mingapi ya akiba ya mafuta kulipia ajali moja ya nozeli. Kwa mtu wa kilomita 20,000 jibu huwa halivutii. Kwa mtu wa kilomita 60,000 dizeli inaanza kuwa na maana, mradi dizeli anayonunua iwe safi na filta ibadilishwe kila kilomita 10,000 badala ya kungoja gari ligome.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: HiAce zenye dizeli ya zamani isiyo na turbo, 3L au 5L. Hazina haraka, zina kelele, na zinatoa moshi zikichoka. Lakini hazidai nozeli za presha kubwa, na mafundi wengi wanazijua kwa kupapasa. Nazo zina mkanda wa taimingi, na adui yao ni joto: zikichemsha mara moja vibaya, hedi (kichwa cha injini) hupinda au kupasuka. Anayeishi mbali na mafundi wenye mashine za kusomea kompyuta, akipata LH ambayo haijala kutu, asiidharau kwa umri wake.

Caravan: nafasi ileile kwa bei nyepesi

Caravan ya E25 iliuzwa kuanzia mwaka 2001, na E26, inayojulikana pia kama NV350, ikaipokea mwaka 2012. Nje ya Japani nyingi huitwa Urvan. Ukubwa na kazi yake ni vilevile vya HiAce, na kwa kuwa jina lake halina mvuto uleule, kwa fedha moja mara nyingi unapata Caravan ya miaka michache pungufu. Hiyo ni faida ya kweli: miaka mitatu pungufu ya kutu na ya kubebeshwa mizigo ni kitu kikubwa.

E25 ya petroli yenye KA20DE au KA24DE ni chaguo la mtu mwenye bajeti ndogo. Ni injini za cheni, za teknolojia ya zamani, zisizo na maajabu. Cheni ikianza kugonga mbele ya injini kwa sekunde chache kila asubuhi, tenshena au reli za cheni zimekwisha. Ni kazi ya siku moja au mbili, siyo mwisho wa injini. QR20DE na QR25DE zilizofuata, na zinazokutwa kwenye E26, ni nyepesi na zinaenda vizuri, ila zilizocheleweshewa oili hula oili. Kabla ya safari ya majaribio pima dipstiki, na ukirudi angalia ekzosi wakati fundi wako anapokanyaga mafuta baada ya gari kukaa sailensa dakika tano. Moshi wa bluu hapo ni ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa.

Dizeli ya E25, ZD30DDTi ya lita 3.0, inahitaji mnunuzi jasiri au mnunuzi mwenye fundi mzuri sana. Matoleo yake ya mwanzo yamejulikana kwa pistoni kuungua, na masizi ya mfumo wa kurudisha moshi huziba njia ya hewa hadi ikabaki tundu dogo. Ukiipata kwa bei ya kutupwa, jiulize kwa nini. YD25 ya E26 ni bora kuliko hiyo, lakini inarudi palepale: nozeli, turbo, presha kubwa.

Kinachoiweka Caravan nyuma ya HiAce ni spea za bodi na za ndani. Taa, vioo, roli za mlango wa kusukuma, moduli za umeme: za HiAce zinapatikana kirahisi, mpya na zilizotumika, za bei zote. Kabla ya kuamua, piga simu kwenye maduka matatu uulize vitu vitano tu: pampu ya maji, seti ya klachi, rejeta, roli ya mlango wa pembeni, taa ya mbele. Ukipata vinne kati ya vitano siku hiyohiyo, Caravan ya petroli ni biashara nzuri.

Ndogo zenye moyo: TownAce, LiteAce, Bongo

Watu wengi hununua HiAce ilhali mzigo wao haufiki kilo 600. Wanalipia tairi, breki, mafuta na bei ya ununuzi ya gari lisilo lao.

TownAce na LiteAce za kuanzia mwaka 2008, zenye msimbo S402, hutumia 3SZ-VE ya lita 1.5 yenye cheni, na mzigo wake ni kilo 750 hivi. Injini ni rahisi, gari ni jembamba, linageuka padogo. Ukilijaza tani 1, hata hivyo, unaliua kuanzia nyuma kwenda mbele: springi hulala, beringi za magurudumu hulia, klachi huungua. Toleo la zamani la KR42 lina 7K-E ya lita 1.8, injini ya fimbo za kusukuma valvu yenye cheni fupi, ambayo huvumilia matengenezo ya wastani kuliko karibu injini yoyote iliyotajwa hapa. Dizeli zake za turbo, 2C-T na 3C-T, ziepukwe: zikichemsha hedi hupasuka katikati ya valvu, na ni nadra kukuta ambayo haijawahi kuchemsha.

Bongo ilitoka katika bodi ya SK mwaka 1999 na imeuzwa pia kwa majina mengine, Nissan Vanette likiwa maarufu zaidi. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi, kwa sababu spea za moja zinaingia kwa nyingine na Vanette mara nyingine huuzwa kwa bei ya chini zaidi. F8 ya petroli hutumia mkanda wa taimingi. Mkanda wake ni kazi nyepesi, lakini lazima ifanyike. Bongo nyingi zina sakafu ya chini inayorahisisha kupakia, na baadhi hupata uchini huo kwa kuwekewa matairi madogo nyuma. Angalia hilo mapema: ukubwa mbili za matairi kwenye gari moja maana yake tairi ya akiba haikufai kila mahali, na yale madogo huisha haraka kwa kuwa yanazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Kutu ndiyo inayozimaliza Bongo, hasa kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango.

| Gari na injini | Taimingi | Mzigo wa kawaida | Uharibifu wake mzito |
|---|---|---|---|
| HiAce TRH, 2.0/2.7 petroli | cheni | tani 1 hivi | mafuta mengi kwenye milima. Hedi ikichemshwa |
| HiAce KDH, 2KD/1KD dizeli | mkanda | tani 1 hivi | nozeli, pampu, turbo. Kwa 1KD chujio la oili na pistoni |
| HiAce LH, 3L/5L dizeli | mkanda | tani 1 hivi | hedi kupasuka kwa joto |
| Caravan E25, KA petroli | cheni | tani 1 hivi | tenshena ya cheni. Spea za bodi |
| Caravan E25, ZD30 dizeli | cheni | tani 1 hivi | pistoni, turbo, masizi |
| TownAce/LiteAce S402, 1.5 petroli | cheni | kilo 750 | klachi na springi kwa kuzidishiwa mzigo |
| Bongo/Vanette SK82, 1.8 petroli | mkanda | chini ya HiAce, soma kibati | kutu |

Mzigo halali wa gari unalotazama ni ule ulioandikwa kwenye kibati au kadi yake, maana matoleo ni mengi.

Na za Ulaya?

Sprinter, Transit, Ducato na Transporter ni ndefu, zina nafasi, zina pua inayokaa mbele ya magoti ya dereva wakati wa ajali, na injini yake hufikiwa bila kuinua viti. Zikitunzwa hutembea umbali wa kustaajabisha. Zilizotumika, kwa bajeti ndogo, zina mitego yake. Sprinter ya kizazi cha kwanza, iliyokoma mwaka 2006, ina injini imara ndani ya bodi inayoliwa na kutu. Transporter ya T5 yenye dizeli ya lita 2.5 ya silinda tano hutumia gia badala ya mkanda, jambo zuri, lakini kamshafti zake (fimbo zinazofungua valvu) huchakaa na kutengeneza kwake ni ghali. Transit za kuanzia mwaka 2016 zenye 2.0 EcoBlue zina mkanda unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi ikiwekwa, mkanda humeguka na mabaki kuziba chujio la sampu, kifo kilekile cha 1KD kwa njia nyingine. Karibu zote za dizeli zina flaiwili (gurudumu zito linalobeba klachi) ya vipande viwili yenye springi ndani, na klachi ikiisha hubadilishwa pamoja nayo. Kama karibu nawe kuna fundi anayezijua na mashine yake, zipe nafasi. Kama hayupo, usiwe wewe wa kumfundisha fundi.

Gari liko mbele yako

Ikiwa magari mawili yanalingana kwa maelezo yote hapo juu, anza chini. Lala chini ya gari ukiwa na tochi na bisibisi. Gonga reli za chasisi, mahali springi za nyuma zinapofungwa, na vizingiti vya milango ya kusukuma, kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari zee ni ya kuikwangua, si ya kuifurahia. Injini hubadilishwa siku mbili. Chasisi iliyooza ni mwisho wa gari. Angalia springi za vyuma bapa: zikiwa zimelala kabisa au zimeongezewa jani la tano au la sita, gari lilikuwa linabeba zaidi ya uwezo wake, na difu (gia za ekseli ya nyuma), beringi na breki nazo zilibeba.

Injini ikutwe baridi. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe, na ukifika uguse rejeta na ekzosi kwa kiganja. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji safi ya bomba yasiyo na kulanti (kimiminika cha kupozea injini) yanakuambia kuna mahali yanapotea na mtu amechoka kununua kulanti. Utando wa mafuta juu ya maji, au povu la rangi ya maziwa ya chai chini ya kifuniko cha oili, ni gasketi ya hedi. Bana kwa vidole bomba la juu la rejeta: likiwa gumu wakati injini imelala usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Vani hizi zina injini chini ya viti, hewa haizifikii vizuri, na historia ya kuchemsha ndiyo jambo la kwanza la kuchunguza kuliko kilomita.

Washa. Moshi mweupe unaonukia dizeli mbichi asubuhi ni nozeli au plagi za joto. Mweupe wenye harufu tamu usiokoma ni kulanti inayoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi wakati wa kukanyaga ni mafuta mengi au hewa pungufu. Kisha legeza kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu lake. Kikitetemeka tu ni sawa. Kikirukaruka huku moshi ukitoka kwa mapigo, ringi zimeisha. Kwa petroli, lipia kipimo cha presha ya silinda: tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 1. Kwa dizeli ya nozeli za kompyuta, lipia kipimo cha mafuta yanayorudi, ambapo kila nozeli hufungiwa kichupa chake na injini ikaachwa inazunguka dakika chache. Nozeli iliyojaza kichupa mara mbili ya wenzake imekufa, hata kama gari linawaka vizuri leo. Vipimo hivi viwili ni fedha ndogo kuliko zote utakazotumia kwenye gari hilo.

Barabarani tafuta mwinuko, na ukiwa gia ya nne kwa kilomita 40 kwa saa kanyaga mafuta hadi chini. Mzunguko wa injini ukipanda bila gari kuongeza kasi, klachi inateleza. Sauti ya kulia inayokuja ukikanyaga na kukoma ukiachia ni difu. Inayobadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu. Ukirudi usizime: liache dakika kumi sailensa, tazama kipimo cha joto na usikilize feni.

Kuhusu kilomita, linganisha namba na mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva upande wa mlango. Kilomita 80,000 haziondoi michirizi ya pedali ya klachi. Namba nne zilizo ubavuni mwa tairi, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kuwa na kilomita chache huku likiwa na seti ya tatu ya matairi lina maelezo ya kutoa. Gari la kilomita 300,000 lenye kumbukumbu za oili ni salama kuliko la 90,000 lisilo na karatasi hata moja.

Nani achukue lipi

Mzigo usiozidi kilo 700, mjini: TownAce au LiteAce ya S402, ikishindikana, KR42 ya petroli isiyo na kutu, kisha Bongo ambayo bisibisi haikuzama.

Tani 1, umbali wa wastani, mafundi wa kawaida: HiAce ya TRH kwanza. Ikiwa bajeti inakupatia TRH iliyochoka tu, ichukue Caravan E25 ya KA iliyo nzima. Wengi hukataa ushauri huu kwa sababu ya jina, na tunausisitiza kwa sababu hiyohiyo.

Umbali mrefu kila siku, dizeli safi, fundi mwenye mashine: KDH ya 2KD au 1KD iliyopita kipimo cha nozeli na sampu yake ikafunguliwa. Isiyopimwa, hapana, hata bei ikishuka.

Vyovyote utakavyochagua, usimalize bajeti kwenye kununua. Robo yake ibaki. Wiki ya kwanza itakwenda kwa oili na filta zote, kulanti mpya na themostati, mafuta ya breki, oili ya giaboksi na difu, na kwa injini za mkanda, mkanda pamoja na tenshena na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kazi ya kufikia vitu hivyo vitatu ni ileile. Oili hiyo ya kwanza imwagwe tena baada ya kilomita 1,000: itakuwa imeosha uchafu wa mmiliki aliyepita, na kwenye 1KD uchafu huo hautakiwi kukaa ndani hata wiki moja zaidi.